SOMO LA LEO: Simu mpya haikuhusu sana, kinachozimwa ndo kinakuhusu

Leo siongelei bei wala picha za bidhaa. Naongelea habari za teknolojia, maana naona wengi wetu tunazisoma vibaya, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Kila mwaka ikifika Septemba Apple wanatoa iPhone mpya na magrupu yote yanajaa. Kamera ikoje, rangi zipi, bei imefika milioni ngapi. Hata huku Lituhi, ambako wengi tunatumia Tecno, Infinix na itel, vijana wanabishana kijiweni hadi giza linaingia. Sikatai, ni burudani. Ila muuzaji mdogo habari hiyo haimuongezei mteja hata mmoja. Habari inayomhusu ni ile fupi, haina picha nzuri, inasema kitu fulani ulichozoea kitabadilika au kitazimwa kuanzia tarehe fulani. Hiyo ndo tunaipita.

Mimi iliniponza. Naeleza kwanza ilivyokuwa, halafu tuone kila mmoja afanye nini.

YALIYONIKUTA

Nauza usipa wakavu na mbasa. Nina duka dogo hapa Lituhi, ila wateja wangu wengi wako Songea, Mbinga na Njombe, wachache Dar. Wanaona stetasi yangu WhatsApp, wanatuma oda, wanalipa kwa simu, mimi nafunga mzigo usiku na alfajiri naupeleka kwenye gari la Songea. Kila kitu kilikuwa ndani ya simu: nani kaagiza ndoo ngapi, nani kalipa nusu, nani namdai, nani hataki usipa wenye mchanga. Daftari nililiacha zamani, nikaona ni mambo ya kizee.

Siku moja niko ufukweni napiga picha usipa kwenye vichanja. Nikaingia kwenye mtumbwi uliokuwa umeegeshwa ili nivipate vichanja vyote. Mtumbwi ukayumba, simu ikaenda majini. Tuliitoa, tukaifukia kwenye mchele siku mbili, nikaipeleka kwa fundi Songea. Akasema hii imeshakufa, kanunue nyingine.

Sikuogopa sana. Nilijua nina nakala ya akiba, ile tunaita bakapu. Nilikuwa nimeiwasha mwenyewe, ijihifadhi kwenye Google kila usiku. Nikanunua simu iliyotumika, nikarudisha laini kwa wakala, nikafungua WhatsApp, nikaweka akaunti yangu ya Google. Ikaniambia nakala ya mwisho ni ya miezi saba iliyopita.

Miezi saba. Oda zote za msimu hazimo, madeni yote hayamo.

Siku ya pili akapiga mama mmoja wa Songea mwenye mgahawa, mteja wangu wa miaka miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mzigo wangu kimya? Nilikutumia pesa Jumanne, ya ndoo mbili."

Sikuwa na meseji ya malipo, ilizama na simu. Sikujua anasema kweli au kasikia nimepoteza simu. Nikamwambia, "Mama samahani, simu yangu imeharibika, naomba unitumie ile meseji ya muamala niione."

Akanyamaza kidogo. "Yani mwanangu, mimi leo huniamini?"

Akaituma. Ilikuwa kweli, Jumanne saa nne asubuhi. Kesho yake nilimpelekea mzigo na sado moja ya usipa juu yake ya kumuomba radhi. Akashukuru. Lakini toka siku hiyo hajaagiza tena. Hakugomba, alinyamaza tu.

Madeni nayo, kwa kukumbuka kichwani, nilikuwa nadai kama 480,000. Niliowapigia wakakubali wamelipa 310,000. Zilizobaki sijui hata nimdai nani. Ila pesa hainiumi kama yule mama.

HABARI NILIYOIPITA

Baadaye ndo nikaanza kutafuta, kwanini nakala iliacha kujihifadhi. Nikakuta ilikuwa habari ya kawaida kabisa, imetangazwa mapema.

Iko hivi. Zamani WhatsApp kwenye Android ilikuwa inahifadhi nakala Google bila kula nafasi yako. Novemba 2023 wakatangaza kwamba hilo linaisha, na mwaka 2024 likatufikia watumiaji wote kidogo kidogo. Sasa nakala ya WhatsApp inahesabiwa ndani ya nafasi yako ya bure ya Google, ambayo ni GB 15. Na hizo GB 15 sio za WhatsApp peke yake. Zinagawana na barua pepe za Gmail, mafaili ya Google Drive na picha zako za Google Photos, ambazo nazo zilianza kuhesabiwa tangu 1 Juni 2021.

Sasa fikiria mtu kama mimi. Picha za mzigo kila siku, video za ufukweni, video za magrupu zinazojipakua zenyewe. Ikajaa. Ikishajaa, nakala mpya haiingii. Meseji za onyo zilikuja, nakumbuka kabisa, kwamba nafasi imejaa, nunua nyingine. Nikazifuta nikidhani ni matangazo.

Kwahiyo simlaumu mtu. Nafasi ni yao na walitangaza. Kosa langu ni kuhesabu cha kuazima kama changu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilivaa ya kuazima sokoni.

SIO HIYO TU

Ukianza kuangalia nyuma utaona habari za aina hii zipo nyingi, na kila moja iliacha watu barabarani.

Moja. Wakubwa zetu mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki usiku wa tarehe 16. Tangazo lilitoka miezi kabla, wakasema bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, itume kwenda 15090 ujue simu yako ni halisi au feki. Wengi walipuuza. Wakalala na simu wakaamka na tochi.

Mbili. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa pamoja. Kwa saa zetu ilianza jioni, zikarudi baada ya saa sita usiku. Hawakudukuliwa, mafundi wao wenyewe walikosea wakati wanarekebisha mtandao wao. Muuzaji aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari alipiga simu na kuendelea. Ambaye wateja wake alikuwa nao Instagram peke yake alikaa kusubiri.

Tatu. Kuanzia 24 Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Halafu tangu 5 Mei 2025 iPhone lazima iwe na iOS 15.1 kwenda juu. Maana yake iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus zimeachwa. Lakini 6s bado ilipita. Ona hapo, herufi moja tu. Mtu anakuuzia iPhone 6 kwa bei ya kutupa, unaona umepata, kumbe umenunua kamera ya kuchukua picha ambazo huwezi kuzituma kwa mteja WhatsApp.

Nne. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Namba zilibaki zilezile. Lakini jina likibadilika tu, mteja anaanza kuwa na wasiwasi na tapeli anapata cha kusema: "sajili upya laini yako, nitajie namba ya siri." Muuzaji aliyeisoma habari ile mapema alimtoa mteja wake hofu kwa meseji moja. Hiyo nayo ni huduma.

KWANINI HABARI HIZI HAZITUFIKII

Maoni yangu ni haya. Simu mpya ina mtu anayelipa ili usikie habari yake. Kuna tangazo, kuna bango, kuna kijana kapewa simu aisifie. Simu inayoachwa haina wa kuitangaza, maana hakuna anayeuza kitu hapo. Kwahiyo ukisubiri habari ikufuate, itakufuata ile yenye faida kwa mwingine.

Na sisi wenyewe tuna tabia mbaya. Programu ikituletea maandishi marefu tunabonyeza "kubali" bila kusoma. Ikituonya tunafuta. Halafu meseji ya uongo ya "WhatsApp itaanza kulipiwa, tuma kwa watu 20" tunaisoma yote na tunaituma kweli. Kanuni yangu siku hizi: taarifa ya kweli kutoka kampuni haikuombi uisambaze. Inayokuomba uitume kwa watu 20, ifute.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Ukikutana na habari yoyote ya simu au programu, jiulize haya tu:

1. Kuna kitu ninachotumia kwenye biashara kinachobadilika au kuzimwa? Kama hakuna, ni burudani, cheka uendelee na kazi.

2. Ni lini? Kama habari haina tarehe, tafuta tangazo la kampuni yenyewe au la TCRA. Ukiipata tarehe, iandike ukutani dukani.

3. Kikizimwa usiku wa leo, kesho asubuhi wateja wangu nitawapataje? Kama huna jibu, hilo swali ndo kazi yako ya leo.

FANYA HAYA LEO, USINGOJE KESHO

Kwanza, fungua WhatsApp, ingia mipangilio, sehemu ya chati, halafu sehemu ya nakala ya akiba. Angalia tarehe ya nakala ya mwisho. Kama sio ya jana au juzi, una shida kama yangu, tofauti ni kwamba simu yako haijaingia majini bado.

Pili, hapohapo ondoa video kwenye nakala. Video ndo zinazokula nafasi, na deni la mteja liko kwenye maandishi. Zima pia kujipakua kwa picha na video za magrupu. Bando nalo litapumua.

Tatu, hakikisha unaijua akaunti yako ya Google na nywila yake. Wengi tulifunguliwa akaunti na fundi siku tuliyonunua simu. Kama nywila anaijua fundi na wewe huijui, hiyo nakala sio yako. Wa iPhone, nyie nafasi ya bure ya iCloud ni GB 5 tu, chungulieni mapema.

Nne, rudini kwenye daftari. Nasema hivi bila aibu. Daftari la 1,000 lenye safu tano: tarehe, jina na namba ya simu, alichoagiza, alicholipa, kilichobaki. Mimi najaza kila jioni kabla ya kufunga duka, dakika kumi zinatosha. Mwisho wa wiki nalipiga picha kurasa zake na kumtumia dada yangu aliyeko Mbinga. Daftari likiungua, picha zipo. Simu ikizama, daftari lipo.

Tano, wateja wako kumi wakubwa wawe na namba yako ya kupiga simu ya kawaida, na wewe uwe na zao nje ya simu. Siku mtandao ukikata, hao kumi ndo watakulisha.

UKINUNUA SIMU ILIYOTUMIKA

Usianze na kamera. Anza na haya kwa mpangilio: toleo la Android au iOS ni namba gani, kwa sababu simu za bei yetu nyingi hazipati masasisho ya miaka mingi, na toleo dogo ndo linaloachwa kwanza. Bonyeza *#06#, linganisha IMEI na ya kwenye boksi, kisha itume 15090. Weka laini yako, piga simu, washa data. Hakikisha mwenye simu ametoa akaunti yake ya Google au iCloud mbele yako, la sivyo itakufungia nyumbani. Kamera iwe ya mwisho. Usipa wangu walinunuliwa miaka miwili kwa picha za simu ya kawaida kabisa, mradi ni mchana na jua lipo.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla hujalala angalia tarehe ya nakala yako, halafu uandike hapa chini ni ya lini. Usione aibu. Yangu ilikuwa ya miezi saba na leo natoa somo.

Yule mama wa Songea bado nampigia mara mojamoja, namsalimia tu, siulizi oda. Wiki iliyopita aliniuliza usipa mwaka huu wakoje. Nikamwambia wazuri, hawana mchanga. Akasema sawa mwanangu, nitaangalia. Jina lake liko ukurasa wa kwanza wa daftari, na safu ya oda nimeiacha wazi.

Tukutane somo lijalo. Kama una mwenzako anauza kwa simu na hana daftari, mtumie hili.