Waya wa mashini ya kusaga: tupime umbali mbele ya kununua



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunazungumza waya. Sisi ni watu wa kilimo, si mafundi wa umeme, na kazi ya kufunga umeme tunawaachia wenye kuisomea. Lakini anayeamua waya gani utanunuliwa, na franga ngapi zitatoka kwenye kashe, ni komite ya koperative, si fundi. Na komite ikikosea, fundi hawezi kurekebisha kosa lile kwa koleo na shatertoni.

Tunajua kwa sababu tulishakosea pamoja na ninyi. Koperative moja ya mahindi na muhogo ilipata mashini ya kusaga yenye moteri ya kilowati 2,2, ile wanaita ya farasi 3, inayotumia umeme wa kawaida wa volti 220. Sisi ndio tuliotoa shauri mashini ikae mbali na depo, juu ya vumbi ya unga na juu ya panya. Shauri lile lilikuwa zuri. Tulisahau kitu kimoja: kutoka konteri mpaka ile nyumba mpya ya mashini kulikuwa mita 60. Moteri ilinunuliwa, nyumba ikajengwa, mabati yakapandishwa, na waya ukanunuliwa mwisho kabisa, kwa pesa zilizobaki. Zilitosha kwa waya wa 1,5.

Siku ya kwanza mashini ilizunguka, watu wakapiga makofi. Baada ya siku chache ikaanza kuguna wakati wa kuwasha, hasa jioni, wakati nyumba zote za mtaa ziko na taa. Tukaambiwa: "Moto iko, lakini mashini inakataa." Dijonkteri ikawa inaruka kila mara. Mtu mmoja akaondoa ile ya ampere 16 akaweka ya 32, na hapo haikuruka tena. Wote tukaona ni dawa. Mama mmoja mwenye kusaga alikuwa anasema tangu wiki mbili kwamba chuma ya mashini inamung'ata vidole akiishika na mikono yenye maji. Tulicheka, tukamwambia avae viatu. Haikupita muda mrefu moteri ikaungua, moshi ukajaa nyumba, na waya ukutani ulikuwa umelegea kama mshumaa.

Yule mama hakufa. Hiyo ni bahati tu, hatukuwa tumefanya chochote cha kumulinda.

Umeme unachoka njiani

Mwenye kuvuta maji kwa tiyo anajua: tiyo mwembamba na mrefu, maji yanafika kidogo. Waya ni hivyo hivyo. Volti 220 zinaondoka ku konteri, lakini sehemu moja inapotelea ndani ya waya wenyewe na kugeuka joto. Waya ukiwa mrefu, hasara inaongezeka. Ukiwa mnene, hasara inapungua. Ule unene njo namba inayoandikwa kwa milimita mraba: 1,5, 2,5, 4, 6, na kuendelea.

Hesabu yake inaweza kufanywa na kila mwenye simu. Kwa waya wa shaba, chukua mita za kwenda na za kurudi, zidisha kwa 0,0175, gawa kwa unene wa waya, halafu zidisha kwa ampere za moteri. Jibu ni volti zinazopotea. Ampere zimeandikwa kwenye kibati kidogo kilichopigwa juu ya moteri. Musikitoe wala musikipake rangi. Ile yetu ilikuwa ya ampere 15.

Kwa hiyo: mita 60 kwenda na 60 kurudi ni 120. Kwa waya wa 1,5 tunapata volti 21 zinazopotea. Moteri iliyotengenezwa kwa volti 220 ilikuwa inapokea kama 199, na hiyo ni kama konteri yenyewe ilikuwa inatoa 220 kamili, jambo ambalo jioni huku kwetu ni nadra. Kwa waya wa 2,5 hasara inabaki karibu volti 13. Kwa waya wa 4 ni karibu 8, kwa waya wa 6 ni zaidi kidogo ya 5. Mafundi wanatuambia hasara ya moteri isipite mia kwa tano, maana yake volti 11. Basi ule wa 2,5, ambao butiki nyingi zitakupa bila kuuliza kitu, ulikuwa bado haufai kwa ule umbali.

Tena hiyo ni hesabu ya mashini inayotembea tayari. Wakati wa kuwasha, moteri inavuta mara tano ama zaidi ya ampere zake za kawaida, kwa sekunde chache. Waya mwembamba hauwezi kupitisha zote; volti zinaanguka, na moteri ikipata nusu ya volti nguvu yake ya kuzungusha inabaki robo. Ndiyo maana inaguna bila kuzunguka. Ikiguna hivyo, zima mara moja. Kila dakika ya kuguna ni moto ndani ya bobini. Na usiwashe mashini ikiwa na mahindi ndani. Iache izunguke tupu kwanza, halafu ulishe.

Hapa kuko jambo ambalo lilitushangaza. Moteri ikipata volti kidogo haivuti ampere kidogo, inavuta nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile. Njo ilikuwa inarusha dijonkteri. Dijonkteri ilikuwa inasema ukweli, na sisi tukaifunga mdomo.

Dijonkteri inafuata waya

Watu wengi wanafikiri dijonkteri kubwa ni nguvu kubwa. Hapana. Dijonkteri imewekwa kulinda waya usiungue, kwa hiyo unene wa waya njo unaoamua. Waya wa 1,5 usipite ampere 16, wa 2,5 usipite 20, wa 4 usipite 25, wa 6 usipite 32. Kuweka 32 juu ya waya wa 1,5, kama tulivyofanya, ni kumwambia mlinzi alale. Na kufunga fuzibu iliyokatika na kipande cha waya wa redio ni kumfukuza mlinzi kabisa.

Lakini dijonkteri hiyo hailindi moteri vizuri, na hailindi mtu hata kidogo. Kwa moteri kuko kifaa kingine, rele ya joto, inayopangwa kwa ampere za kwenye kibati. Kwa mtu kuko dijonkteri diferansieli ya miliampere 30. Yenyewe inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi. Ukipungua kidogo tu, maana yake umepitia mahali pengine, labda ndani ya mwili wa mtu, inakata papo hapo. Ina kidude cha kubonyeza chenye herufi T. Mubonyeze mara moja kwa mwezi, isiporuka, ibadilishwe. Kama pesa ni kidogo na lazima muchague kitu kimoja cha bei kali, sisi tungechagua hiki, hata mbele ya rangi ya nyumba.

Diferansieli inaenda pamoja na waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Unafungwa ku chuma ya mashini upande mmoja, na upande wa pili ku fimbo ya shaba ama ya chuma ya galvanize, ya mita 1,5 ama 2, iliyopigwa ndani ya udongo wenye unyevu. Rangi hiyo isitumiwe kwa kazi nyingine hata siku moja. Wenzetu wa Goma na wa kandokando ya Nyiragongo wana shida yao: jiwe la volkano halipitishi umeme vizuri na fimbo haiingii. Hapo fundi atafuta mahali penye udongo, hata mbali kidogo, ama atazika waya mrefu wa shaba bila ganda kuzunguka msingi wa nyumba wakati unachimbwa. Kwa hiyo aitwe mbele ya kumwaga betoni. Na apime na kifaa chake. Kwa jicho hakuna anayejua kama fimbo inafanya kazi. Mashini ikimung'ata mtu, hata kidogo sana, izimwe siku ile ile.

Ku soko

Waya nyingi zinazouzishwa huku zimeandikwa 2,5 lakini ndani si 2,5. Nyingine si shaba: ni aluminiumu iliyopakwa shaba juu. Aluminiumu inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, na inakatika haraka kwenye skuru. Kwangua ncha ya waya na kisu: ikionyesha weupe ndani, rudisha. Karibisha sumaku pia. Shaba haivutwi na sumaku.

Kwa unene, kuko njia ya msumari. Omba kipande cha sentimita 50 cha waya mgumu, wa uzi mmoja, vua ganda, ukizungushe mara kumi juu ya msumari mnene, duru zikishikana bila nafasi, halafu pima zile duru kumi na rula. Waya wa kweli wa 1,5 utakupa karibu milimita 14. Wa 2,5 karibu 18. Wa 4 karibu 22 na nusu. Ukinunua "2,5" na rula ikaonyesha 14, umelipa ng'ombe ukapewa mbuzi. Muuzaji anayekataa kukupa sentimita 50 wakati unataka kununua mita 120 za waya, sisi hatumwamini.

Angalia pia aina. Waya wa uzi mmoja wenye ganda moja tu, ule ulioandikwa VOB, ni wa kuingia ndani ya tiyo. Usipigwe misumari ukutani uchi. Kwa mashini inayohamishwa, kama ya kukwangua muhogo, chukua kable laini ya kaucho nyeusi, H07RN-F, inayovumilia maji, mafuta na kukanyagwa. Ralonji nyeupe ya televizio si ya kazi hiyo. Na ralonji yoyote ya kuzungushwa ku gurudumu, ifunguliwe yote mbele ya kuwasha moteri. Ikibaki imekunjwa inajipasha yenyewe.

Kupitisha

Chini ya ardhi, kable iwe ndani ya tiyo, kina cha sentimita 60, na zaidi pale gari linapita. Mbele ya kufukia, weka utepe wa rangi juu yake kidogo, ili mwenye jembe akutane na utepe kwanza. Tunasema hivyo kwa sababu sisi ni wakulima: pale palipofukiwa leo, mwaka kesho mtu atapanda mboga. Chora njia yake kwenye karatasi, karatasi ikae kwa sekretere.

Waya usilale juu ya mabati. Ganda linasuguliwa na upepo mpaka chuma inakutana na shaba, halafu nyumba nzima inakuwa na umeme, pamoja na kamba ya kuanikia nguo. Kuunganisha waya kwa kuzisokota na kuzifunga na kipande cha sashe, tumeona hata katika depo za mbolea. Unganiko liwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, na domino iliyokazwa vizuri. Katika nyumba ya kusaga visanduku vyote viwe na kifuniko, kwa kuwa vumbi ya unga inashika moto, na moteri iliyofunikwa na unga haipumui. Ifagiliwe kila jioni, umeme umekatwa.

Anayefanya kazi ku waya akate dijonkteri ya kwanza, aifunge, ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe, halafu apime na tesiteri mbele ya kugusa. Umeme ukimushika mtu, musimuvute na mikono: kateni kwanza. Ikishindikana, musukumeni na mti mkavu, mukisimama juu ya kitu kikavu. Asipopumua, aanzishiwe pumzi na kukandamizwa kifua palepale, na apelekwe kituo cha afya hata akiamka na kusema yuko vizuri. Moyo unaweza kusumbua baadaye.

Ile koperative ilibobinisha moteri yake upya, na msimu uliofuata ikanunua waya wa 6. Ulikuwa ghali, komite ilibishana mikutano miwili. Diferansieli ilifungwa pia, na fimbo ya ardhi karibu na mfereji wa maji ya kuoshea muhogo. Yule mama bado anasaga, na kila mwisho wa mwezi njo yeye anayebonyeza kile kidude cha T. Ule waya wa 1,5, sehemu ambazo hazikuungua, zilikatwa na kuwekwa ndani ya depo kwa taa nne, na dijonkteri ya ampere 10.