MAKUNYANZI YA USO NA DAWA ZA BEI NAFUU



Somo letu la leo ni juu ya makunyanzi ya uso, maana wakati wa mavuno fedha huwa mkononi, na wachuuzi wa krimu nao huwa mlangoni.

Ukiondoa umri, sababu kubwa ya makunyanzi ni jua. Sisi tunaoanika karafuu majamvini, na wakulima wenzetu wa bara huko Masagati, katika bonde la Kilombero, sote huchomwa na jua lile lile. Moshi wa tumbaku nao huzidisha.

Basi dawa ya kwanza haina gharama: kofia pana, au kanga kichwani ifunike na paji la uso. Ya pili ni mafuta ya kukinga jua. Utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa waliojipaka kila siku kwa miaka minne na nusu, ngozi zao zilichakaa polepole kuliko za wengine. Ya tatu ni vaselini usiku: haifuti makunyanzi, lakini huondoa ukavu, na mistari midogo hufifia.

Dawa ipunguzayo makunyanzi kweli, kidogo kidogo kwa miezi, ni tretinoini. Hiyo yatakiwa kwa daktari, na mwenye mimba asiitumie.

Mawili tuyaepuke. Mafuta matupu ya karafuu yasipakwe usoni. Ni makali, huunguza ngozi. Na krimu isiyoandikwa vilivyomo isinunuliwe: huenda ina zebaki, nayo hudhuru figo. Urahisi wa namna hiyo ni ghali.

Katibu