Mafunzo Niliyopata kwa Baiskeli kati ya Handeni na Korogwe

Kando ya mto Loire, Ufaransa, kuna njia ya baiskeli yenye urefu wa takriban kilomita 900, na reli nyingi zilizokufa huko zimegeuzwa vijia vya waendesha baiskeli. Watu hutoka mbali kwenda kupita taratibu mabondeni, mto upande huu, mashamba upande ule. Sisi mkoani Tanga tunalo bonde la Pangani, tunalo na bonde la Lwengera lililojibanza kati ya Usambara Mashariki na Magharibi. Nimepita humo miaka mingi, kwa baiskeli yenye usukani uliopinda kama wa mbio lakini tairi zake pana, zinazohimili changarawe. Niliyojifunza ni haya.

1. Lami waachie mabasi

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni lami ya kilomita 65. Ni barabara nzuri kwa mwenye gari. Mwenye baiskeli anapata ukingo mwembamba na honi nyuma ya kisogo. Raha iko kwenye barabara za vumbi za vijijini, hata kama zinazunguka. Mgeni asiyezoea vilima namshauri aanzie Handeni, maana Korogwe iko chini, kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, na kwa jumla njia inateremkia huko. Vilima vya katikati vitamtoa jasho vyovyote vile.

2. Mkonge ndio uliotuchongea njia

Wafaransa walirithi njia zao kutoka kwenye reli zilizokufa. Reli yetu haikufa moja kwa moja: ilifika Korogwe mwaka 1902 ikitokea Tanga, baadaye ikalala miaka mingi bila abiria, na Desemba 2019 treni ya Dar es Salaam hadi Moshi ikarudi kupita hapo. Tulichorithi sisi ni barabara za mashamba ya mkonge.

Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mmea huu mwaka 1893. Ukipita Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale au Magoma utaona mistari ya mkonge ikikimbia hadi inapokutana na milima, na kati ya vitalu kuna barabara zilizonyooka, ngumu, zinazokatana kila baada ya mwendo mfupi. Kuna sababu. Jani la mkonge ni zito, na katika uzito wake wote singa ni kama asilimia nne tu. Majani yakishakatwa lazima yafike haraka kwenye korona, ile mashine ya kuyasaga na kutoa singa, kabla hayajakauka. Kwa hiyo kila kitalu kilihitaji njia inayopitika, tena njia ya kubeba mzigo mzito. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, na njia hizo zote zilikuwa na kazi.

Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, kamba za plastiki zikaja na kushusha bei, vitalu vingine vikawa pori. Barabara zimebaki. Kwa mwendesha baiskeli hakuna mahali bora pa kujifunzia changarawe: unaona mbali, magari ni machache, na kwenye vitalu vya zamani milingoti ya maua imesimama pande zote mbili. Mkonge hutoa mlingoti mara moja tu maishani, kisha hufa. Ila kumbuka mashamba yana wenyewe. Simama getini, uliza, na trekta la majani likija, wewe ndiye wa kupisha.

3. Udongo una majira yake

Vilima vya Handeni vina udongo mwekundu, nao ukikauka vizuri hushika tairi na baiskeli hutulia. Mabondeni karibu na mito kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, na huo masika, Machi hadi Mei, haupitiki. Unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Usilazimishe. Mvua ikikatika na jua likapiga siku kadhaa, njia hufunguka. Kiangazi kikikolea, adui anakuwa rasta: yale matuta madogo yanayopangwa na magurudumu ya malori. Punguza upepo wa tairi, legeza mikono, tafuta ukingo wa barabara ambako baiskeli za wenyeji zimekwisha kulainisha njia.

4. Mbigili, na fundi chini ya mwembe

Kijiti cha mwiba wa mgunga utakiona. Mbigili huioni. Ni mbegu ndogo yenye pembe kali, inaota pembezoni mwa njia, na inapenya tairi la bei yoyote.

Bahati nzuri karibu kila kijiji kina fundi. Tazama mikono yake. Anatoa tyubu kwa vijiko viwili, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji kidogo kidogo mpaka mapovu yatoke, anakausha, anachora alama kwa kalamu. Kisha msasa, solusheni, na kungoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wenye haraka hukosea, yeye hakosei. Kabla ya kurudisha tyubu hupapasa ndani ya tairi kwa vidole kutafuta mwiba uliobaki. Siku hizi tairi langu silirudishi kabla sijalipapasa hivyo.

5. Maji yapande nawe

Handeni ni kukavu. Tangu miaka ya 1970 mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main) umekuwa ukisukuma maji ya mto Pangani kutoka kijiji cha Tabora, Korogwe, kuyapandisha huko. Jaza chupa zako zote kila upatapo maji safi, ondoka alfajiri, na saa sita mchana uwe kivulini. Na Pangani wenyewe, hata ukiuona umetulia namna gani, una mamba. Usishuke kunawa pasipo kuuliza wenyeji.

6. Wenye mizigo ndio mabingwa wa njia hizi

Utawakuta mapema kuliko wewe: kijana mwenye madumu manne au sita ya lita 20, yaani kilo 80 hadi 120 za maji, baba mwenye magunia ya mkaa, mama mwenye tenga la machungwa nyuma kwenye keria. Mlimani wanasukuma. Mteremkoni, ambaye breki zake zimekufa hubana tairi la nyuma kwa soli ya kandambili. Wapishe upande mgumu wa njia, kwani wao wakiyumba hawawezi kujirudi.

Kenya imeonyesha miguu kama hii inaweza kufika wapi. Mashindano ya Migration Gravel Race yalianza Maasai Mara mwaka 2021, na mwendesha baiskeli Mkenya Sule Kangangi, aliyefariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, alipigania waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki wapate nafasi ya kushindana duniani. Naamini miguu ya namna hiyo iko Handeni, inachota maji.

7. Shuka usalimie

Mzee amekaa barazani, wewe unapita na kofia ngumu na miwani: shuka, vua miwani, shikamoo. Ndipo utakapoambiwa daraja gani limekatika. Ndivyo nilivyoelekezwa njia ya Chogo, makazi yaliyofunguliwa Handeni mwaka 2003 kwa Wabantu waliokimbia vita vya Somalia, ambao mababu zao walitoka huku huku Uziguani karne ya 19. Wapo waliorudi wakiwa bado wanasema Kizigua.

8. Baiskeli itengewe nafasi

Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kila mwaka vipande vingine vinawekwa lami. Ni jambo jema. Lakini lami ikija, magari huongeza mwendo na mwenye madumu husukumwa mtaroni. Ninaiomba TARURA, pamoja na halmashauri za Handeni na Korogwe: kila barabara inapochorwa upya, acheni mita moja na nusu kila upande kwa ajili ya baiskeli, kuanzia zile zinazokwenda visimani, shuleni na sokoni.