Mnyoo Asiye na Kinywa

Ndugu zetu wakaao Kitale na Bungoma, kwenye mashamba ya mahindi, wamjua sana nyungunyungu. Ana kinywa upande mmoja na tupu ya nyuma upande wa pili, na baina yake utumbo ulionyoka. Humeza udongo na majani yaliyooza, akapata riziki yake. Hilo ni umbo la kueleweka. Somo letu la leo ni juu ya jamaa yake wa baharini.

Mwaka 1977 chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin kilishuka kiasi cha mita 2,500 karibu na visiwa vya Galápagos. Huko kusikofika jua, kandoni mwa chemchemi zenye joto, walisimama minyoo ambao wengine hupita mita 2. Jina lao la kitaalamu ni Riftia pachyptila.

Mnyoo huyu hukaa ndani ya ala nyeupe aliyoitengeneza mwenyewe. Kinachotokeza nje ni shungi jekundu kwa damu, ndiyo matamvua yake. Chini ya shungi pana ukosi wa nyama umshikizao ndani ya ala. Moyo na ubongo vimo humo. Kisha kiwiliwili kirefu, na mwisho kipande kidogo chenye pingili na vinyweleo vigumu. Kipande hiki chaonyesha nasaba, kwani nyungunyungu naye anavyo.

Atauliza muulizaji: hula nini, naye hana kinywa wala utumbo? Jawabu limo kiwiliwilini. Pale ambapo ungetazamia matumbo pamejaa nyama laini, na ndani ya chembe zake wamo bakteria wasiohesabika. Colleen Cavanaugh wa Marekani, angali mwanafunzi, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1981. Bakteria huiunguza kwa oksijeni hewa ya kiberiti, ile inukayo kama yai viza, na kwa nguvu ipatikanayo hutengeneza chakula. Mwenyeji wao hula katika chumo hilo.

Lakini hewa hiyo ni sumu ikatayo pumzi ya chembe za mwili. Basi damu ya mnyoo huishika mahali mbali na oksijeni mahali mbali, ikazichukua zote mbili kwa safari moja.

Wako wasemao kuwa mnyoo huyu hana haja na jua hata kidogo. Si kweli: oksijeni ile imetoka kwa mimea iliyoota juani.

Mtoto wake hazaliwi na bakteria. Humwingia kwa ngozi akiisha kutua. Na chemchemi ikizimika, mnyoo aliyekwisha kujikita hawezi kuhama, hufa palepale.