KINYESI CHA MBWA NA UJIRANI MWEMA



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, kumbe linavunja ujirani na kuleta maradhi nyumbani. Nalo ni mbwa wa nyumba moja kwenda kujisaidia kwenye uwanja wa nyumba nyingine.

Tuseme mama mmoja amepanda ukoka mbele ya nyumba yake. Watoto wake huchezea hapo, na nguo huanikwa hapo. Kila asubuhi anakuta kinyesi cha mbwa wa jirani. Siku ya kwanza anazoa. Siku ya pili anazoa huku akinung'unika. Siku ya tatu anakichota kwa beleshi na kukimwaga mlangoni kwa mwenye mbwa. Mwenye mbwa anatoka na kusema, "Mbwa hana akili, mimi nimfanyeje?" Kuanzia siku hiyo watoto wa nyumba hizo mbili wanakatazwa kucheza pamoja, na mama hawa hawaazimani tena hata chumvi. Mwisho wake mbwa anakutwa amekufa kwa sumu, na kesi inafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Katika ugomvi wa namna hii kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Mwenye mbwa anasema kweli kwamba mbwa hajui mpaka wa kiwanja. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mbwa ndiye anayepaswa kuujua mpaka kwa niaba yake. Na mama mwenye ukoka ana haki ya kulalamika, tena zaidi ya anavyofikiri. Yeye analalamikia harufu na nzi, na huenda hajui kwamba liko jambo kubwa zaidi ya hayo. Jambo hilo ni minyoo.

MINYOO WATATU WA KUJIHADHARI NAO

Wapo watu wanaodhani kwamba kinyesi cha mbwa ni mbolea kama samadi ya ng'ombe. Sivyo. Ng'ombe hula majani, mbwa hula nyama na mizoga, na tumboni mwake huishi minyoo inayoweza kumwingia binadamu. Tutaje mitatu.

Wa kwanza ni mnyoo wa mviringo wa mbwa, unaoitwa Toksokara. Jike lake hufikia urefu wa sentimita 18, na huweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku moja. Watoto wa mbwa ndio wenye minyoo hii kwa wingi, kwa maana huipata tangu tumboni mwa mama yao na tena katika maziwa. Mayai yake yanapotoka na kinyesi bado hayawezi kumdhuru mtu. Hukomaa udongoni kwa muda wa wiki mbili hivi au zaidi, na baadaye huweza kukaa hapo miezi mingi, hata miaka. Kinyesi chenyewe kimeshaoshwa na mvua, ukoka umekuwa kijani, na kila mtu anadhani uwanja ni safi. Mtoto anachezea udongo, anatia vidole mdomoni, anayameza.

Ndani ya mtoto minyoo michanga hutoboa utumbo na kuzurura mwilini, katika ini, mapafu na wakati mwingine jichoni. Mtoto huweza kupata homa, kikohozi, kukoroma kifua au maumivu ya tumbo. Ukiingia jichoni, mara nyingi ni jicho moja, mtoto huweza kupungukiwa uwezo wa kuona au hata kuupoteza kabisa katika jicho hilo. Ugonjwa huu ulielezwa wazi na waganga wa Marekani mwaka 1952. Wazazi wajue pia kwamba mnyoo huu haukomai ndani ya binadamu, kwa hiyo hautagi mayai tumboni mwake. Kipimo cha choo cha mtoto kinaweza kusema "hakuna minyoo", na ugonjwa bado upo. Kwa hiyo mwelezeni mganga kwamba nyumbani au jirani kuna mbwa, naye atajua kipimo gani kifanyike.

Wa pili ni safura ya mbwa. Mayai yake huanguliwa upesi penye joto na unyevu, na baada ya siku chache tu, yapata juma moja, minyoo michanga iko tayari mchangani ikingoja ngozi ya mtu. Huingia kwenye mguu mtupu, au kwenye makalio ya mtoto aliyekaa chini bila nguo. Hapo huchora mstari mwekundu uliopindapinda kama njia ya nyoka, unaosogea kidogo kidogo kila siku na kuwasha sana, hasa usiku. Wakazi wa pwani wanaufahamu vizuri, maana mchanga wenye unyevu ndio makao yake. Wapo wanaomwagia mafuta ya taa au kuchoma kwa moto. Tafadhali msifanye hivyo, mtaongeza kidonda juu ya kidonda. Nendeni hospitali au kwenye zahanati, ipo dawa ya kumeza inayouponya.

Wa tatu ni tegu mdogo wa mbwa, mwenye urefu wa milimita chache tu. Huyu mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia yenye mifuko ya maji. Mayai yake hayangoji kukomaa udongoni. Yakitoka tu huweza kumwambukiza mtu, na hunata hata kwenye manyoya ya mbwa. Mtu akiyameza, mfuko wa maji huanza kukua ndani ya ini au mapafu, polepole, kwa miaka mingi bila maumivu. Huja kugundulika tumbo limeshavimba, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji pamoja na dawa za muda mrefu. Huko Turkana, kaskazini magharibi ya Kenya, ugonjwa huu ulionekana kwa wingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, hata shirika la AMREF likaanzisha kazi ya kupambana nao mwaka 1983. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania nao wanaufahamu.

Je, na kichaa cha mbwa? Watu hutuuliza. Kichaa huambukizwa kwa mate, yaani kwa kuumwa, au mate kuingia kwenye jeraha, machoni au mdomoni. Hakitokani na kinyesi. Lakini mbwa anayezurura uwanjani kwa watu ndiye huyo huyo anayeweza kuuma. Mtu akiumwa, oshani jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

WAJIBU WA MWENYE MBWA

1. Azoe kinyesi kila siku, nyumbani kwake na popote mbwa wake alipokiacha. Tumeona kwamba mayai ya Toksokara na ya safura yanahitaji siku kadhaa kabla ya kudhuru. Anayezoa kila siku ameuzima ugonjwa kabla haujaanza. Hili si jambo la kudhalilisha. Katika mji mkubwa wa New York, Marekani, sheria imewalazimisha wenye mbwa kuzoa tangu mwaka 1978, tajiri na maskini.

2. Azoe kwa beleshi, au kwa majani ya mgomba au gazeti kuukuu, na si kwa mikono mitupu. Kazi hii wasipewe watoto. Kinyesi kikiwa chepesi, akichote pamoja na udongo wa juu. Kifukiwe katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, mbali na bustani ya mboga, na si chini ya mita 30 kutoka kisimani. Au kitumbukizwe katika choo cha shimo. Kisha anawe kwa sabuni. Asitegemee kumwagia dawa ya kuulia vijidudu, kwa maana dawa nyingi za namna hiyo haziyaui mayai haya.

3. Ampe mbwa dawa ya minyoo kwa ushauri wa bwana mifugo. Watoto wa mbwa waanze wakiwa na umri wa wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi wafike wiki nane. Amwulize pia juu ya dawa ya tegu, maana si kila dawa ya minyoo inamwua huyo.

4. Asimtupie mbwa maini wala mapafu mabichi siku ya kuchinja. Yenye mifuko ya maji yachomwe moto au yafukiwe chini sana.

5. Amchanje dhidi ya kichaa kila mwaka. Amfunge au amfungie bandani, na kumfungulia kwa saa maalumu akiwa naye. Mbwa huzoea. Akionyeshwa kila asubuhi pembe moja ya kiwanja chake mwenyewe, atajifunza kujisaidia hapo.

WAJIBU WA ANAYELALAMIKA

Kwanza ajichunguze. Je, jalala lake liko wazi? Je, mifupa na makombo hutupwa uwanjani? Mbwa hufuata chakula. Fukia taka, ziba tundu la uani, na huenda nusu ya taabu ikaisha.

Pili, ahakikishe ni mbwa wa nani. Mbwa koko wa mtaa wamegombanisha watu wengi wasio na hatia.

Tatu, aende mwenyewe kwa jirani, asimtume mtoto wala asipitishe maneno kisimani. Aende wakati wa utulivu, si asubuhi ile ile ameshika beleshi. Na aanze na afya, asianze na lawama. Kwa mfano:

"Hodi, Mama Neema. Habari za tangu jana? Nimekuja tuzungumze jambo dogo kabla halijawa kubwa. Mbwa wetu huyu anajisaidia pale wanapochezea watoto, wangu na wa kwako. Nimesikia kuna minyoo inayodhuru macho ya watoto. Tufanyeje?"

Kama jirani ni mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo yako kama kawaida. Ugomvi hauondoi adabu. Na jirani naye akifikiwa kwa maneno kama hayo, asijibu kwamba mbwa hana akili. Ajibu, "Pole, jirani. Kesho nitakuja kuzoa."

Nne, asipoelewana naye, amwombe mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili awasikilize. Ikishindikana, aende kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, na bwana afya aitwe. Ndivyo mambo yanavyopandishwa, ngazi kwa ngazi.

MSITEGE SUMU

Hapa tunasema kwa ukali. Nyama yenye sumu haichagui. Ataiokota kuku, ataiokota mbwa wa mtu mwingine, na ataiokota mtoto anayetambaa. Sisi wauguzi tunajua jinsi kazi ya kumwokoa mtoto aliyekula sumu ilivyo ngumu, na mara nyingine haifanikiwi. Tena sumu haileti faida inayotazamiwa. Mbwa aliyechanjwa akifa, nafasi yake huchukuliwa na mwingine asiyechanjwa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanafundisha kwamba kinachokomesha kichaa ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10, si kuwaua ovyo.

KWA WATOTO WETU

Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kucheza na udongo au mbwa. Wavae ndala wanapokwenda uani. Wasiachwe kukaa mchangani bila nguo. Mboga na matunda ya bustanini yaoshwe kwa maji safi. Wakatazwe kulambwa usoni na mbwa. Wasifundishwe kumchukia mbwa, maana analinda nyumba na mifugo, nasi ndio tuliomleta kuishi kati ya watu. Na mtoto akilalamika kwamba haoni vizuri kwa jicho moja, au mkiona jicho limeanza kupinda, msingoje. Mpelekeni akapimwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinyesi cha siku moja huzolewa kwa dakika mbili. Kikiachwa, kitahitaji mwenyekiti, bwana afya na pengine daktari wa macho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini uwanja unaoonekana safi unaweza bado kuwa na mayai ya minyoo?
2. Kwa nini kuzoa kila siku ni bora kuliko kuzoa mara moja kwa wiki?
3. Mbwa wetu alipewa dawa ya minyoo lini? Alichanjwa lini?
4. Siku ya kuchinja, maini na mapafu mabovu huwa tunayatupa wapi?
5. Je, yupo jirani ambaye tumenuniana naye kwa sababu ya mbwa? Nani kati yetu atakwenda kupiga hodi kwanza?