Sikio Lihukumulo Ulimi

Mwezi huu twajifunza habari ya matamshi, na jinsi mtu anavyoweza kunyimwa haki yake ya kazi kwa ajili ya hayo.

Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12, twasoma ya kuwa watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Mwefraimu alisema Sibolethi, naye akauawa. Walianguka watu 42,000. Sauti moja ilitosha kuwa hukumu.

Siku hizi vivuko vya namna hiyo viko penye milango ya kazi. Manuel Fragante, mtu wa Ufilipino, alihamia Hawaii, katika Marekani. Mwaka 1981 aliomba kazi ya ukarani katika ofisi ya leseni ya mji wa Honolulu. Watu zaidi ya 700 walifanya mtihani, naye akawapita wote. Lakini baada ya mahojiano mafupi wakubwa walisema kwamba lafudhi yake ni nzito, na karani hana budi kusema na watu siku zote. Basi kazi wakapewa wengine.

Fragante alishtaki kwa sheria ya 1964, ikatazayo kumbagua mfanyakazi kwa asili ya taifa lake. Mtaalamu wa lugha alishuhudia kwamba Kiingereza chake ni sahihi, tena kwamba watu wengine, wakiisha kusikia lafudhi ya Kifilipino, huacha kusikiliza. Hata hivyo mwaka 1989 mahakama ya rufani ilimkatalia. Lakini mahakama hiyo ilisema pia kwamba lafudhi yaweza kuwa sababu pale tu inapoizuia kazi kweli kweli.

Basi tupambanue. Kutoeleweka ni jambo moja, kutosikilizwa ni jingine. Ikiwa msemaji haeleweki hata kwa msikilizaji mwenye subira, kazi ya kusema na watu haimfai bado, wala si udhalimu kumwambia hivyo. Lakini ikiwa msikilizaji ameziba masikio yake mwenyewe, kosa ni lake, na anayeadhibiwa ni mwingine. Tena matamshi hupimwa kwa kazi yenyewe, si kwa maneno machache ya siku ya kwanza.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa mbali tu. Hata kwetu yuko asemaye r mahali pa l, akachekwa kabla hajamaliza neno lake. Aliyechekwa leo, kesho hanyoshi mkono, na shauri lake jema latupotea sote.

Maswali ya kujipima:
1. Je, tulishindwa kumwelewa mwenzetu, au tulichoka upesi kumsikiliza?
2. Kazi aliyoomba yahitaji nini hasa?
3. Tumempima kwa kazi hiyo, au kwa kivuko chetu?