SOMO LETU: KENGELE YA SIMU NA ZAMU YA ALFAJIRI



Wengi wetu tuliokulia kambini tunakumbuka rimu ya lori iliyotundikwa juu ya mti mbele ya ofisi ya shamba. Saa kumi na moja alfajiri mlinzi aliigonga kwa nondo, na kambi nzima ikaamka, hata mbwa. Siku ambayo rimu haikugongwa, hakuna mchumaji aliyeulizwa kwa nini amechelewa. Aliulizwa mlinzi.

Siku hizi rimu imenyamaza na kila mtu amebeba kengele yake mfukoni. Kwa hiyo kosa nalo limehamia mfukoni. Jambo hili tunataka kulisoma leo, maana limekwisha kuwagharimu wenzetu.

Mwaka 2024, katika kiwanda kimoja cha chai huku magharibi ya Uganda, majani yalikuwa mengi sana. Kila anayefanya kazi ya chai anajua kwamba jani likishachumwa halingoji. Basi zamu ya saa moja asubuhi ikabadilishwa kuwa saa kumi na moja alfajiri. Habari ilipelekwa usiku kwa programu ya simu ambayo kampuni iliwaambia wafanyakazi waiweke. Akina mama wanne wa chumba cha kuchambua hawakuipata. Walikuja saa yao ya kila siku, wakakuta majina yao yamekatwa, na kila mmoja akapewa barua ya onyo.

Tulikwenda kuwatetea. Msimamizi akatoa karatasi kutoka kwenye kompyuta: habari ilitumwa saa nne na dakika kumi usiku, kwa wote. Tukakaa kimya. Tulijua haki iko upande gani, lakini hatukujua la kusema, kwa sababu kati yetu hapakuwa na hata mmoja aliyejua simu inafanya nini usiku mwenyewe akilala. Barua zile zilibaki katika faili za wale akina mama. Tuliona aibu, kisha tukaamua kujifunza.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna habari inayotumwa kutoka nje mpaka ikufikie katika simu, na kuna kengele iliyowekwa ndani ya simu yenyewe. Kwenye kioo zinafanana. Katika kazi hazifanani hata kidogo.

Habari inayotoka nje ina safari ndefu. Inatoka katika kompyuta ya kampuni, inakwenda katika kompyuta kubwa za Google kama simu yako ni ya Android, au za Apple kama ni aifoni. Kutoka huko inapita katika mtandao mpaka ifike katika simu yako. Ikifika, simu inaangalia kama uliiruhusu programu ile kukuonyesha arifa. Kama uliiruhusu, inaangalia tena kama sauti imefungwa. Ndipo unasikia. Sasa ile karatasi ya msimamizi ilikuwa inashuhudia hatua ya kwanza peke yake! Kama simu yako imezimika au mtandao hakuna, habari inawekwa njiani ikingoja, na inaweza kungoja siku nyingi. Ukiwasha simu kesho mchana inaingia, ikikuambia uje kazini jana.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulijua. Anayetuma huchagua: habari hii iende kwa njia ya kawaida au kwa njia ya haraka. Ya haraka huiamsha simu iliyolala. Ya kawaida hungoja simu iamke yenyewe. Mfanyakazi hana uwezo wa kuchagua jambo hilo, ni yule anayetuma.

Wanaotumia WhatsApp wanaijua tofauti hii kwa macho. Alama moja maana yake imeondoka kwa mtumaji. Mbili, imefika katika simu. Zikigeuka bluu, imefunguliwa. Hakuna mtu mwenye akili anayemwambia mwenzake “umesoma” kwa kuona alama moja.

Sasa tuje kwenye kengele ya ndani. Hiyo haihitaji mtandao wala bando. Umeiweka wewe, na saa iko ndani ya simu. Mtu angedhani haiwezi kukosa. Inakosa, na sababu kubwa ni betri.

Tangu mwaka 2015, simu za Android zina desturi ya kulala usingizi mzito. Ukiiweka simu mezani, kioo kimezimwa, haijachomekwa kwenye chaji, na haitikisiki, baada ya muda inazinyamazisha programu zake. Programu ikisema “nina kazi saa kumi na moja,” simu inajibu “ngoja wenzako.” Ni kama lori la kubeba majani. Haliendi kiwandani kwa ajili ya gunia moja, linangoja yawe mengi liende safari moja. Kwa betri ni akili nzuri. Kwa mtu wa zamu ya alfajiri ni hasara, kwa kuwa kengele ya saa kumi na moja inaweza kulia na robo, au ikalia ukiishika simu tu.

Ile programu ya saa iliyokuja na simu yenyewe ina ruhusa ya pekee. Simu inaitambua kuwa ni saa ya kuamshia watu, na inaamka kabla ya wakati ili iilize. Programu nyingine nazo zinaweza kuomba nafasi hiyo, lakini mlango umekuwa ukizidi kubanwa. Tangu mwaka 2021 programu inayotaka kulia kwa dakika kamili inapaswa kuwa na ruhusa ya kengele na vikumbusho. Tangu mwaka 2023, katika simu mpya zaidi, programu nyingi zinazowekwa upya hazipewi ruhusa hiyo mpaka mwenye simu aende mwenyewe katika mipangilio akaifungue. Katikati ya hapo, mwaka 2022, ikaongezwa nyingine: programu iombe kwanza ruhusa ya kuonyesha arifa yoyote. Watu wengi swali likitokea hubonyeza “usiruhusu” ili liondoke haraka. Sisi wenyewe tulifanya hivyo.

Tawi letu lina kijana, mtoto wa mwanachama, anayesomea mambo ya kompyuta. Alitutengenezea programu ndogo ya kukumbusha zamu na mikutano. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuumia, tulisema tuijaribu kwanza. Jioni moja wanachama walileta simu zao katika ofisi ya tawi, tukazipanga mezani, tukaweka zote zilie saa kumi na moja alfajiri, tukalala juu ya mabenchi. Saa ilipofika zililia chache. Nyingine zilifuata moja moja mpaka kukaribia kupambazuka. Moja ililia pale tu mwenyewe alipoigusa kutazama saa. Lakini ile simu ndogo ya tochi ya mzee mlinzi, ambayo vijana huicheka, ililia kwa dakika yake kamili, tukaruka sote.

Kijana hakukasirika. Alirudi akaibadilisha. Alituonyesha mambo aliyokuwa ameyasahau, na tunayaandika hapa kwa sababu katika matawi mengine pia wapo vijana wanaotengeneza programu kwa ajili ya vyama. Kengele ya kuamsha mtu iombwe kama kengele ya saa, isiombwe kama kazi ya kawaida ya programu. Ratiba ya zamu ipelekwe mapema wakati mtandao upo, kisha simu yenyewe iishike kengele ndani yake, isingoje kuambiwa kutoka nje usiku. Simu ikizimwa, kengele ambazo programu iliziweka zinafutika. Kwa hiyo simu ikiwashwa tena programu lazima iziandike upya. Na kila mara mtu anapofungua programu, imwonyeshe kwa maandishi makubwa: kengele yako inayofuata ni siku fulani, saa fulani. Kama ruhusa imekosekana, imwambie hapo hapo, mchana, mtu akiwa macho.

Hilo la simu kuzimika lisikupite. Simu nyingi za kioo zikiisha chaji usiku hazitalia, hata kwa ile saa ya simu yenyewe. Katika kambi zisizo na umeme wa uhakika hii ndiyo sababu ya kwanza ya watu kuchelewa, wala si siri. Chaji simu jioni. Ukiweza kuilaza ikiwa katika chaji ni vizuri zaidi, maana simu iliyochomekwa haiingii katika ule usingizi mzito. Na kama simu yako imejiwasha upya usiku, ikadai namba yako ya siri, programu nyingi haziwezi kufanya kazi mpaka uifungue. Ukiamka usiku ukaikuta inangoja namba, iandike.

Wapo pia wanaopenda kuzisimamisha programu kwa nguvu katika mipangilio, wakidhani wanaifanya simu iwe nyepesi. Ukiisimamisha programu kwa nguvu, kengele zake zinakufa mpaka uifungue tena. Baadhi ya viwanda vya simu vimeongeza na vilinzi vyao vya betri vinavyofanya hivyo bila kukuuliza. Tafuta katika mipangilio ya betri, uiondolee programu ya zamu vizuizi.

Wenzetu wa upande wa Kasese na Bwera wana taabu yao peke yao. Uganda ikiwa saa moja asubuhi, ng'ambo ya mpaka huko Kasindi, Kongo, ni saa kumi na mbili. Simu iliyoachiwa ijipangie saa yenyewe inaweza kushika mnara wa ng'ambo usiku na kurudi nyuma saa nzima. Umeweka kengele ya saa kumi na moja, itakulilia saa kumi na mbili ya Uganda, na lori la zamu limekwisha kuondoka. Mwenzetu mmoja alikatwa siku kwa sababu hiyo, na wakubwa wake wakamcheka alipoeleza. Hakuwa mwongo. Anayeishi karibu na mpaka azime ile mipangilio ya kujichagulia eneo la saa, achague Kampala mwenyewe. Wenzetu wa mipaka ya Rwanda na Kongo yote wafanye hivyo.

La mwisho kuhusu saa ni dogo lakini limewaangusha wengi. Sisi tunasema saa kumi na moja, simu inaandika 5:00. Ukiandika 11:00 utaamka saa tano. Na hiyo 5:00 iwe ya asubuhi, isiwe ya jioni. Tena sauti ya kengele ina kipimo chake, tofauti na sauti ya mtu anapokupigia, kwa hiyo kipandishe nacho.

Hayo ni ya mfanyakazi kujisaidia. Lakini tusidanganyike kwamba mfanyakazi akijua simu yake basi shauri limekwisha. Tangu lini kazi ya kuwaita watu zamu imekuwa ya anayeitwa? Simu umeinunua wewe, chaji unalipia wewe, bando unalipia wewe, na ikikosa unaadhibiwa wewe.

Mwaka 2025 jambo lile lilitokea tena, safari hii kwa dada mmoja wa idara ya kufunga. Tulikwenda tukiwa tumejitayarisha. Tuliuliza maswali matatu tu. Habari ilitumwa kwa njia ya kawaida au ya haraka? Mnayo alama ya kuonyesha kwamba ilifika katika simu yake? Na kama simu yake ilikuwa imezimika, mlipanga kumwambia kwa njia gani nyingine? Msimamizi alimwita mtaalamu wake wa kompyuta. Yule kijana alikuwa mkweli, akasema wanachoweza kuonyesha ni kwamba ilitumwa. Barua ya onyo iliondolewa siku ile ile.

Barua za onyo ni za kuangaliwa sana, maana ndizo zinazokusanywa mpaka mtu afukuzwe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla ya mtu kufukuzwa kwa makosa au kwa kazi mbaya, mwajiri amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua, na wote wawili wasikilizwe. Itumieni haki hiyo. Chukueni na simu yenyewe mwende nayo ndani.

Baada ya shauri la yule dada tuliandikiana na uongozi wa kiwanda. Mabadiliko ya zamu yatabandikwa ubaoni na kutangazwa na msimamizi wa kila idara kabla watu hawajatoka kazini. Simu itakuwa nyongeza. Mabadiliko yanayokuja usiku watu wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, asiyeyapata hatahesabiwa kuwa hakuja. Wale akina mama wanne wa mwaka 2024 tumeomba barua zao ziondolewe katika faili, na mpaka tunaandika somo hili hatujapata jibu. Tunaendelea kuuliza kila mwezi.

Makatibu wa matawi wanaombwa kuweka jaribio la simu katika mkutano ujao. Kila mwanachama aje na simu yake na chaja, hata mwenye simu ya tochi.